Mchanga Mweusi wa Risto

Kazi yangu ni kuzungusha chupa. Watu wakiniuliza nafanya nini pale maabara huwa nawajibu hivyo hivyo, wanacheka, nami nawaacha wacheke, maana nikianza kueleza watasinzia. Unachukua udongo, unaupondaponda, unauchekecha, unaupima kwenye mizani, unautia kwenye chupa. Unamimina maji mara ishirini ya uzito wake, unakaza kifuniko, unaipachika chupa kwenye mashine inayoipindua kichwa chini miguu juu kwa saa kumi na nane. Kesho yake unachuja, unayapeleka yale maji kwenye mashine nyingine, nayo inakwambia maji yameiba nini kwenye udongo. Basi, ndiyo kazi. Nimeifanya miaka ishirini na sita na mgongo wangu unalijua hilo.

Ila kuna jambo moja ambalo si la kuchekea, nalo ni aina ya maji. Udongo unaokwenda kutupwa jalalani tunauzungusha na maji makali yenye siki, kwa sababu takataka zikioza hutoa uchachu, na uchachu ndio unaoifungua sumu. Udongo utakaobaki pale ulipo tunauzungusha na maji ya pale pale. Udongo ule ule, ukiupa maji haya unanyamaza, ukiupa yale unatapika kila kitu. Ndiyo maana bosi wangu, Leanne Hartigan, kila fomu ikitua mezani huwa haulizi neno lingine. "Veska, maji gani?" Hata salamu hana.

Mwaka juzi mwezi wa tisa, baridi ikianza kuondoka, halmashauri ya mji ilituletea mifuko arobaini na moja ya mchanga mweusi kutoka nyua za mtaa wa juu. Hapa Tarrinbah tulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha madini ya risasi. Baba zetu Wamasedonia walivuka bahari kuja kukifanyia kazi, na kilipofungwa kilituachia pensheni ndogo na mchanga mweusi mwingi. Huo mchanga ndio makapi ya tanuri, chembe ngumu zinazong'aa, na kiwanda kilikuwa kinaugawa bure. Kila Jumamosi wanaume walijipanga na tela zao kama wanaopanga foleni ya mkate. Walisawazishia nyua, wakajengea vibaraza, wakatandaza njia, wakajiona wajanja. Hakuna aliyewaambia una madhara. Na kama aliwaambia, aliwaambia kwa Kiingereza, kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya ofisi wasiyoruhusiwa kuingia na buti.

Masharti ya halmashauri yalikuwa mepesi kueleweka. Mchanga wa njia iliyoshindiliwa, ukionekana kwenye chupa kwamba hauachii risasi yake, unabaki. Ukiiachia kupita kikomo, unachimbwa wote, mpaka chini.

Mfuko wa kumi na saba ulitoka uani kwa Stojna.

Huyu si shangazi yangu wa damu, lakini mumewe Risto alifanya kazi zamu moja na baba, na mimi nimekula kwake tangu sina meno. Nilimwambia Leanne mapema kwamba huyu namfahamu. Akanitazama juu ya miwani.

"Na wale arobaini wengine?"

"Nao pia."

"Basi nikimtafuta asiyemfahamu mtu mtaa ule itabidi niagize mfanyakazi kutoka mwezini. Namba kwenye mfuko, namba kwenye chupa, endelea."

Sasa nieleze kuhusu njia ya Stojna, maana bila hiyo hamtaelewa nilichofanya. Macho yake yalianza kufa katikati. Akikutazama usoni hakuoni, akitazama pembeni anaona kivuli chako. Daktari alisema yatakwenda hivyo hivyo. Risto, mtu asiyeongea, alisikia maneno yale akarudi nyumbani, akaenda kuchukua tela. Mwaka mzima alitandaza njia: kutoka mlango wa jikoni hadi bomba, kutoka bomba hadi kwenye mti wa tini, kutoka mtini hadi maharage, halafu kamba ya nguo, halafu choo cha nje. Mchanga mweusi ukiukanyaga unalia. Udongo hauna sauti. Kwa hiyo Stojna akitembea anasikia kwacha, kwacha, yuko njiani. Sauti ikifa, ametoka, anarudisha mguu. Risto alipofariki, miaka kumi na moja iliyopita, mkewe hakuwa anaona hata mkono wake mwenyewe akiunyoosha mbele ya uso, na bado alianika nguo zake, akachuma maharage yake, akakagua mtini wake kwa vidole kila asubuhi.

Mwanawe Mende anaishi Perth, upande wa pili wa nchi. Kila Jumapili alimpigia na kila Jumapili alimwambia mama njoo, chumba kipo. Hatimaye Stojna alimpa ahadi, na nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu. "Siku nitakayoshindwa kufika mwenyewe kwenye kamba ya nguo, njoo unichukue, sitabishana." Kwa hiyo mfuko wa kumi na saba haukuwa mchanga tu. Ukifeli, njia inachimbwa. Njia ikichimbwa, Stojna anapelekwa Perth kukaa kwenye kiti na kuulizwa kama anataka chai.

Leanne aliuliza maji gani, nikajibu bila kufikiri: ya mvua. Mchanga unabaki uani, uani hunyesha mvua, ndivyo kitabu cha upimaji kinavyosema. Tulikinga mvua kwenye pipa safi juu ya paa la maabara, nikajaza chupa, nikazungusha. Majibu yalikuja mazuri. Nyua mbili tu, zile zilizokuwa karibu na ukuta wa kiwanda, zilifeli. Namba kumi na saba ilikuwa chini ya kikomo, tena mbali kabisa. Nilienda stoo nikasimama katikati ya makasha nikacheka peke yangu. Leanne alisema atatia saini Alhamisi ya wiki inayofuata.

Hairuhusiwi kumwambia mtu majibu kabla ya saini, na mimi sikumwambia mtu. Lakini Jumamosi miguu ilinipeleka kwa Stojna yenyewe. Nilijiambia naenda kusalimia tu.

Nilimkuta jikoni na sufuria ya sarma, nyama na mchele uliofungwa ndani ya majani ya kabichi lililochachuka. Hapa kwetu kabichi tunalitia kwenye pipa la maji ya chumvi mwezi wa tano, linachacha baridi nzima, na mwezi wa tisa pipa linakuwa limebaki maji matupu.

"Umekonda," alisema, akiwa ameelekeza uso dirishani ili anione kwa pembeni.

"Shangazi, nimeongezeka kilo sita."

"Basi zimekwenda pasipopendeza. Kaa ule."

Nikala. Nikaongezewa, nikala tena. Nilikuwa na furaha ya kijinga, ile ya mtu aliyebeba zawadi mgongoni na haruhusiwi kuitoa. Tulipomaliza akajifuta mikono.

"Sasa utanisaidia. Pipa limekuwa zito kwangu, maji yamebaki nusu. Yatie kwenye ndoo unifuate."

"Tunayamwaga wapi?"

"Njiani, wapi pengine? Unafikiri magugu yanaogopa sura yangu?"

Nikamfuata na ndoo. Alitembea mbele, kwacha, kwacha, akaniambia nimwage taratibu, pande zote mbili na katikati, nisiruke pahali. Chumvi na uchachu vinaua magugu, alisema. Magugu yakiota njia inakuwa laini, haisemi. Maji ya kabichi mwezi wa tisa, siki ya pilipili za chupa mwezi wa kumi na mbili, na divai ikiharibika nayo hapa hapa. Kila mwaka tangu Risto alipotandaza. "Ndiyo maana njia yangu inasikika mpaka kwa jirani."

Nilikuwa nimeshamwaga nusu ya ndoo. Nikaacha kumwaga.

Mimi, ambaye nimefanya kazi hii miaka ishirini na sita, ambaye kila siku naulizwa maji gani. Mama yangu mwenyewe alimwaga maji ya kabichi kwenye njia yetu, nami ndiye niliyekuwa nashika ndoo. Nusu ya nyua za mtaa ule ni za watu wetu, kila moja ina pipa. Na niliandika mvua. Niliona haya mpaka masikio yakawa ya moto. Kulia kwangu njia iliteremka kidogo, na mwisho wa mteremko palikuwa na maharage, mche baada ya mche, juu ya vijiti alivyovifunga mwenyewe bila kuona.

"Mbona umesimama?" akauliza.

"Napumzika."

"Kilo sita," akasema.

Nilichota maji ya ile ndoo kwenye chupa ya jemu. Alisikia kifuniko, maana haachi kusikia kitu.

"Ya nini hiyo? Nani amelewa kwako?" Kwetu maji ya kabichi ndiyo dawa ya asubuhi ya mlevi.

"Bosi wangu," nikasema.

"Maskini. Mpelekee mbili."

Jumapili nzima ile chupa ilikaa kwenye friji yangu, nami nilikaa mbele ya friji. Sitadanganya. Nilifikiri kuimwaga. Fomu ilishajazwa, maji ya mvua yameandikwa, kitabu kinakubali, saini ni Alhamisi. Mwanamke ana miaka themanini na moja, nilijiambia, mwache amalizie siku zake anapojua kutembea. Nilijiambia hivyo mara nyingi, na kila mara nilikuwa naona yale maharage. Huwa anayapika kwenye bakuli la udongo, anayagawa mtaa mzima, na nyumba ya tatu kuna mama mjamzito anayepelekewa bakuli kila Ijumaa. Mchanga ule ungekuwa unamdhuru Stojna peke yake, sijui ningefanya nini. Nashukuru sikuhitaji kujua.

Jumatatu niliweka chupa ya jemu mezani kwa Leanne.

"Nilikosea maji," nikamwambia. Nikamweleza yote, njia, pipa, magugu, maharage. Yeye ni mwanamke mkavu, hana mume, hana paka, ana kazi. Alifungua kifuniko akanusa, akarudisha kichwa nyuma.

"Wanakunywa hii?"

"Tunakunywa."

Akachovya karatasi ya kupimia ukali. Ilibadilika rangi pale pale, akaitazama kitambo. Kisha alichukua ile ripoti ya nyua arobaini na moja, ambayo ilibaki saini tu, akaitia kwenye droo.

"Maji ya mahali," alisema. "Kitabu kinasema maji ya mahali. Mahali ni watu pia, sivyo? Nyua ngapi zina mapipa?"

"Kumi na tisa. Labda ishirini."

"Nenda kakusanye."

Siku ile nilipita nyumba kwa nyumba nikiomba maji ya kabichi, na sijawahi kutaniwa hivyo maishani mwangu. Mtaa mzima uliamini maabara yetu ina sherehe. Asubuhi ya pili chumba cha mashine kilinuka kama jikoni kwa bibi yangu, vijana wa idara ya hewa wakaja kulalamika, Leanne akawafukuza. Chupa zilipinduka juu chini, juu chini. Saa kumi na nane ni nyingi ukiwa unasubiri kumvunjia mtu maisha.

Namba kumi na saba ilitoka mara kumi na nne ya kikomo.

Niliisoma, nikairudia kwa chupa ya pili, ikatoka vile vile. Chupa ya maji ya kabichi matupu, isiyo na mchanga, ilikuwa safi kabisa, kwa hiyo hapakuwa na pa kukimbilia. Nilienda kwenye sinki nikaanza kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Leanne akaja akasimama karibu nami, akachukua kitambaa, akaanza kuvikausha. Baada ya muda aliuliza kama nataka yeye ndiye akamwambie.

"Hapana," nikasema. "Atakupa sarma, halafu hutaweza kusema."

Nilimkuta Stojna amekaa kizingitini anachambua maharage ya mbegu, anayapima kwa kidole gumba, mazuri bakulini, mabovu chini. Nikakaa kwenye ngazi chini yake. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yote yakapotea, nikajikuta namweleza kuhusu chupa. Kwamba mchanga ukipewa mvua unashika risasi yake. Kwamba ukipewa uchachu unaiachia. Kwamba kila mwaka yale maji yalikuwa yanaichukua risasi njiani na kuteremka nayo.

Kidole gumba kilisimama.

"Kwenye maharage," akasema.

"Kwenye udongo wa maharage, ndiyo. Kwenye maharage yenyewe kidogo. Kwenye majani, ule mchicha wako, zaidi."

"Milka wa nyumba ya tatu ana mimba ya miezi sita."

"Najua. Muuguzi wa halmashauri atampima kesho. Atawapima wote, na wewe pia."

Mimi nilikuwa nasubiri aulize njia itakuwaje, na nilikuwa naogopa swali hilo kuliko yote. Hakuuliza. Alichukua bakuli la maharage mazuri, yale ya mbegu, ambayo mama yake alimfungia kwenye leso alipopanda meli, akalinyoosha mbele yake.

"Ondoa hili mkononi mwangu," akasema.

"Mbegu hazina neno, shangazi. Mbegu ukizipanda udongo mwingine zinaota safi. Nimeuliza."

"Una hakika, au unanihurumia?"

"Nina hakika."

Akalirudisha kifuani. Ndipo alipolia, kidogo, bila sauti, akiwa ameshika bakuli kwa mikono miwili. Nililia na mimi, kwa sauti, maana mimi sijui kulia kistaarabu. Akanipapasa kichwani kama mtoto na kuniuliza mbona nalia mimi wakati njia ni yake.

"Wachimbe," alisema baadaye. "Risto alinitengenezea ili nisianguke. Hakunitengenezea niwalishe watu sumu. Angejua angeichimba kwa meno." Kisha akavuta pumzi. "Mpigie Mende. Mwambie atayarishe hicho chumba. Nilimpa ahadi, na mimi si mtu wa kubishana."

Nilimpigia. Mende alisema atakuja baada ya wiki tano, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepewa alichokuwa anakitaka akakuta hakifurahii.

Damu ya Milka ilikuwa salama, na ya majirani wote. Ya Stojna ilikuwa juu, si ya kulazwa, ya kuangaliwa. Halmashauri wakachimba. Siku tatu gari lilikuwa linapiga honi za kurudi nyuma pale uani, na Stojna akakaa ndani na madirisha yamefungwa. Walipoondoka palibaki udongo mpya, safi, laini, usio na sauti popote. Jirani aliniambia amemwona mlangoni, mguu mmoja nje, amesimama tu. Kisha akaurudisha mguu ndani.

Hapo hasira zangu zikapanda. Si kwa mtu, zilipanda tu. Nikamwambia Leanne: tumejua kusema kipi kiondoke, mbona hatujui kusema kipi kiwekwe? Halmashauri walikuwa na kokoto zao za chokaa za kutandaza njiani. Nilizitia kokoto hizo kwenye maji ya kabichi, zikatoa povu kama soda. Zingekwisha baada ya miaka michache. Na msiniambie angeacha kumwaga maji ya kabichi. Nilimuuliza. Alisema ataacha akifa.

Kwa hiyo mimi na Leanne tukaanza kupiga simu machimbo ya mawe. Tulizungusha aina tisa za mawe kwenye maji ya kabichi, saa kumi na nane kila moja, kwa fomu aliyoitia saini mwenyewe, na pale pa sababu ya kupima akaandika: magugu. Aina nne hazikuachia kitu. Jumamosi moja tukazimwaga kwenye trei kubwa ukumbini mwa maabara, tukamleta Stojna na viatu vyake vya uani.

Leanne alimshika mkono. Hawakuwa na lugha moja nzuri, Kiingereza cha Stojna ni cha sokoni.

"Huyu ndiye mlevi?" Stojna aliniuliza.

"Ndiye."

"Mikono ya baridi. Mpe kabichi."

Akapanda trei ya kwanza, akakanyagakanyaga. "Hii inaongea kwa pua." Ya pili ilimchoma nyayo. Ya tatu alitembea huku na huku, akatikisa kichwa, akasema ni nzuri ila inateleza. Ya nne ilikuwa mawe meupe magumu yaliyovunjwa madogo. Alikanyaga mara moja. Akasimama. Akakanyaga tena, akiinamisha kichwa.

"Si kama ule," akasema.

"Hapana, shangazi. Kama ule hakuna."

"Lakini yanasema." Akakanyaga mara ya tatu. "Yanasema vizuri."

Halmashauri walikubali, kwa kuwa bei haikuwatisha, na wakatandaza njia siku mbili kabla Mende hajafika. Walitumia ramani waliyoichora kabla ya kuchimba, wakanyoosha na kamba, ikapendeza kweli. Mende akaja na sanduku tupu la kupakia vitu vya mama yake. Ana miaka hamsini na mbili, mpana, mpole, anatazama chini anapoongea. Nilikuwepo Stojna alipotoka kujaribu njia mbele yetu.

Kwacha, kwacha hadi bomba, na hapo akaligonga kwa goti. Akasimama, akapapasa, akageuka kuelekea mtini, hatua nne, sauti ikafa. Akarudisha mguu, akatafuta, sauti ikaja, ikafa tena. Alikuwa amepotea katikati ya uwanja wake mwenyewe, mikono imenyooka mbele. Sijawahi kumwona Stojna amenyoosha mikono.

"Mama, inatosha," Mende akasema. Alienda kumshika. "Umejaribu. Twende zetu."

Stojna hakumpa mkono. "Hii imepimwa na mtu mrefu," alisema. "Baba yako hakupima kwa kamba. Alitembea nyuma yangu kwa magoti. Nilikwenda kama ninavyokwenda, na pale nilipoweka mguu ndipo alipomwaga."

Mende alimtazama. Akanitazama mimi. Akavua koti lake la safari, akalitundika kwenye bomba, akachukua reki.

"Tembea basi," akamwambia.

Ilichukua mchana kutwa. Stojna alitembea kutoka mlangoni kwa mwendo wake, wa kuelemea kushoto kidogo, ambao sikuwahi kuuona japo namfahamu miaka yote hiyo. Mende alimfuata kwa magoti na kuvuta mawe kwa mikono kila alipoinua mguu. Mara nyingine alimwambia ngoja, mama, rudia huo, naye akaurudia. Hadi bomba, hadi mtini, hadi udongo mpya ambapo maharage yatapandwa. Mimi nilisukuma toroli na nilitukanwa kwa uvivu. Jua lilipoinama alishika kapu la nguo kiunoni akaenda mwenyewe hadi kwenye kamba, akaanika shati la Mende, akarudi. Hakunyoosha mkono hata mara moja.

Mende alinisindikiza getini. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka, alikuwa anavitazama.

"Miaka yote nilidhani anabaki kwa ajili ya baba," alisema. "Nilikuwa namwambia, mama, baba ameshakufa. Kumbe anabaki kwa sababu hapa anaweza kwenda chooni bila kumwomba mtu."

Alikaa siku nne zaidi, akapanda zile mbegu, kisha akarudi Perth na sanduku lile lile tupu.